Si uzee, wala si ukaidi: kutafuta chanzo cha kero ndogo za nyumba ya wazee wawili

Mama akishavuka miaka 60 na kitu nyumbani kikagoma, majibu mawili huwa tayari mdomoni: "Nimezeeka," au "Huyu mzee mkaidi." Yote mawili hufunga shauri kabla halijasikilizwa. Mfuniko usiozunguka, taulo linalonuka na limetoka kufuliwa, mume anayejibu usichomuuliza: kila kimoja kina chanzo kinachopimika, na mara nyingi hakiko pale unapopalaumu.

Utaratibu wa kufuata ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha sabuni, joto la maji na mahali pa kuanikia kwa siku moja, taulo litapona lakini hutajua lilichopona nacho, na tatizo likirudi utaanza upya.

Mzee anajibu usichomuuliza

Kuna asiyesikia sauti kabisa. Kuna anayesikia sauti lakini maneno yanampotea. Na kuna anayesikia barabara, ila akili iko kwenye mpira. Huyo wa tatu hana dawa humu. Wawili wa kwanza ndio wanaosingiziwa.

Hali ya pili ndiyo iliyoenea zaidi. Masikio yakichakaa kwa umri, hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na humo ndimo zilimo konsonanti kama s, f, sh, t na k. Irabu ziko chini, hivyo hubaki. Mzee anasikia kwamba umesema, hata urefu wa neno anausikia, lakini "taa", "saa" na "kaa" kwake zimekuwa neno moja. Umemwomba azime taa, anakutajia saa. Sauti ya mwanamke na ya mtoto huwa juu kuliko ya mwanamume, ndiyo maana anaelewana vizuri na rafiki yake sebuleni, na wewe uliye naye miaka yote hakupati. Si kwamba amekuchagua.

Kupaza sauti hakusaidii. Ukipiga kelele, irabu ndizo zinazokua, konsonanti zinabaki pale pale, na uso wako unakuwa wa mtu mwenye hasira. Mwite kwanza, subiri ageuke. Simama umbali wa mita 1 hivi, mwanga ukuangukie usoni, usiwe mgongoni pako. Sema kwa sauti ya kawaida, polepole kidogo. Funga bomba na zima feni kabla ya kuanza. Asipokuelewa mara ya pili, usirudie sentensi ile ile, badilisha maneno: "Zima taa" ikikwama, "Mwanga wa chumbani umeachwa" inaweza kupita. Na tabia ya kusemezana mmoja yuko jikoni mwingine chumbani iachwe na wote wawili.

Ukitaka kujua ukubwa wa tatizo, fanya jaribio la mnong'ono. Simama nyuma yake umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, kama sentimita 60, asiweze kukusoma midomo. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole na kulisuguasugua taratibu. Toa pumzi, kisha nong'ona tarakimu na herufi, tatu kwa pamoja, kama 4, K, 2. Akikosea, mpe tatu nyingine tofauti. Kati ya hizo sita akipata tatu au zaidi, sikio hilo linaenda vizuri. Asipofikisha, apimwe na wataalamu wa masikio. Rudia upande wa pili kwa herufi nyingine. Halafu badilishaneni nafasi, kwa sababu si ajabu mlalamikaji naye akashindwa.

Kabla ya kununua kifaa chochote cha kusaidia kusikia, ondoa shaka ya nta. Nta iliyojaa huleta hali ya sikio kuziba, mara nyingi upande mmoja, wakati mwingine baada ya kuoga. Vijiti vya pamba vinaisukuma ndani zaidi. Matone 2 hadi 3 ya mafuta ya zeituni ya duka la dawa, mara 3 hadi 4 kwa siku kwa siku 3 hadi 5, huilainisha. Alale ubavu, sikio likiwa juu, kwa dakika 5 hadi 10. Siku za mwanzo anaweza kusikia vibaya zaidi, hiyo ni nta inayovimba. Matone hayawekwi kabisa kama ngoma ya sikio ina tundu, sikio linatoa usaha au linauma.

Kama ugomvi ni wa sauti ya televisheni, jua kwamba televisheni bapa nyingi zina spika ndogo zinazotazama ukutani au chini. Konsonanti zinafika zikiwa zimechoka. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta chaguo la mazungumzo au hotuba, na zima lile linaloongeza besi. Washa maandishi ya chini. Kama bado haitoshi, spika ndogo ya mezani inayowekwa karibu na kiti chake husaidia kuliko kuongeza namba kwenye rimoti, kwa kuwa sauti inamfikia yeye kabla haijagonga kuta.

Anayevaa kifaa tayari na kinapiga mluzi, ama hakikukaa vizuri sikioni ama kuna nta. Kikiwa kimya, badilisha kwanza kichujio cha nta, kisha betri. Betri hizi ndogo hutumia hewa: ukibandua karatasi yake, iache wazi dakika chache kabla ya kuitia, la sivyo itaonekana mbovu hali ni nzima.

Jambo moja halisubiri. Sikio lililokuwa zima likipoteza usikivu kwa ghafla, ndani ya siku 3 au chini yake, hiyo ni dharura. Matibabu yake yana nafasi kubwa yakianza mapema, na wengi huipoteza kwa kudhani ni nta.

Usiku haulaliki

Hapa dalili ni moja, uchovu wa asubuhi, lakini vyanzo vinapandana. Andika kwa usiku 3 ni nini hasa kilichokuamsha: kelele, kibofu, au joto.

*Kukoroma.* Msikilize akiwa chali, kisha akiwa ubavu. Akinyamaza ubavuni, tatizo ni mlalo: ulimi na nyama laini za koo zinaanguka nyuma. Mfuko mdogo ulioshonwa mgongoni mwa fulana, ndani umetiwa mpira mdogo wa tenisi, humzuia kurudi chali bila wewe kumpiga kiwiko. Kuinua upande wa kichwani wa kitanda kwa sentimita 10 hadi 15, kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake, kunafaa kuliko kurundika mito, ambayo hukunja shingo na kubana njia ya hewa. Pombe karibu na kulala hulegeza koo, vivyo hivyo baadhi ya dawa za usingizi. Angalia na pua: mafua yasiyoisha au vumbi la mito ya zamani.

Lakini sikiliza pia ukimya. Mkoromo ukikatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha akashtuka kama anayeibuka majini, na mchana anasinzia akiwa ameketi, hapo mpira wa tenisi haumtoshi. Hewa inakatika usingizini, hali inayoambatana na shinikizo la damu na magonjwa ya moyo, na ina vipimo na tiba. Mrekodi kwa simu dakika chache, daktari ataelewa haraka kuliko kwa maelezo. Wanawake nao, baada ya hedhi kukoma, hukoroma zaidi kuliko walivyokuwa. Mwambie naye akurekodi.

*Kwenda chooni.* Kuamka mara moja ni kawaida ya umri. Mara 2 na kuendelea inafaa kuchunguzwa, na jagi lenye alama za mililita ndilo chombo cha kazi hiyo. Kwa siku 3, kila mmoja apime mkojo na kuandika saa na kiasi. Kiasi kidogo kidogo mara nyingi kinaelekeza kwenye kibofu chenyewe, au kwa mwanamume kwenye tezi dume, hasa kama mkojo unachelewa kuanza na unatoka kwa nguvu ndogo. Kiasi kikubwa kila safari maana yake mwili unatengeneza mkojo mwingi usiku. Huyo mtazame miguu jioni. Ikiwa imevimba, yale maji yaliyoshuka mchana ndiyo yanayorudi kwenye damu akilala na kwenda kwenye figo. Alale miguu ikiwa juu kwa saa moja mchana, ili safari ya chooni itangulie kitanda. Vinywaji vipungue kuanzia saa 2 hadi 4 kabla ya kulala. Anayemeza dawa ya kuongeza mkojo aulize daktari kama saa yake inaweza kusogezwa, asisogeze mwenyewe. Kiu isiyokwisha pamoja na mkojo mwingi usiku na mchana, pimeni sukari. Damu kwenye mkojo, hata ikionekana mara moja tu, ni safari ya hospitali.

Kwa mama anayevuja akikohoa au kucheka, chanzo mara nyingi ni misuli ya sakafu ya nyonga. Ibane kama anayezuia hewa na mkojo kwa pamoja, shikilia kadiri unavyoweza hadi sekunde 10, legeza, mara 10, mara 3 kwa siku. Usibane tumbo wala mapaja. Matokeo huonekana baada ya miezi kama 3, na wengi huacha wiki ya tatu wakisema haifanyi kazi.

*Joto.* Mmoja anatupa blanketi, mwingine anatetemeka. Hakuna blanketi moja litakalowafaa wote. Tumieni mawili, kila mtu lake, shuka la chini likiwa moja. Joto la ghafla la kukoma hedhi linaweza kudumu miaka mingi, kwa hiyo mwenye miaka 58 analo bado na si ajabu. Nguo za pamba, feni upande wako tu, na kupunguza pombe, kahawa na pilipili jioni husaidia baadhi ya watu. Likikukosesha usingizi kila usiku, zipo dawa, muulize daktari. Jasho la usiku linaloanza upya miaka mingi baada ya hedhi kukoma, pamoja na kupungua uzito au homa, si la kuvumilia. Wala kutokwa damu ukeni baada ya hedhi kukoma, hata tone.

Mfuniko hauzunguki

Kuna sababu tatu, na nguvu ya mkono ni ya mwisho. Kama chupa ni mpya, kinachozuia ni ombwe: hewa ya ndani ni kidogo, ile ya nje inaukandamiza mfuniko. Ingiza ncha ya kijiko cha chuma chini ya ukingo wa mfuniko na uinue kidogo kidogo ukizunguka, mpaka usikie mlio wa "tik". Baada ya hapo utazunguka kwa vidole viwili. Usitumie ncha ya kisu, huteleza kuelekea kiganja.

Kama chupa ilishafunguliwa zamani, ombwe halipo tena. Kilichoshika ni sukari au mafuta yaliyokauka kwenye nyuzi za shingo. Igeuze kichwa chini ndani ya maji ya moto yanayofunika mfuniko tu, kwa dakika 1. Maji huyeyusha uchafu, na bati la mfuniko hutanuka zaidi ya kioo. Chupa iliyotoka kwenye friji isitiwe ghafla kwenye maji ya moto, kioo hupasuka. Anza na vuguvugu. Ukimaliza kutumia, futa nyuzi za shingo kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kufunga. Hiyo ndiyo tiba yenyewe.

Kinachobaki ni mshiko. Mkono mkavu ndani ya glovu ya mpira ya kuoshea vyombo unashika kuliko taulo. Lakini kama kila mfuniko unakushinda, na maumivu yako chini kabisa ya kidole gumba, pale kinapokutana na kifundo cha mkono, hapo gegedu la kiungo hicho limeanza kulika. Ni jambo la kawaida sana kwa wanawake wa umri huu, na kulazimisha huzidisha uvimbe. Zungusha kwa kiganja chote badala ya kubana kwa vidole, chagua visu na vimenyeo vyenye mpini mnene, na beba sufuria nzito kwa mikono miwili. Kifaa cha kushikilia kidole gumba kinachovaliwa wakati wa kazi hupunguza maumivu. Kumwita mzee afungue nako kunaruhusiwa, ila naye mfundishe kijiko, asije akaupasua mfuniko kwa fahari.

Jiko la gesi

Anza kwa kuuliza: ni kichomeo kimoja au vyote?

Mwali wa njano na sufuria zenye masizi kwenye kichomeo kimoja ni uchafu. Gesi haipati hewa ya kutosha. Zima, acha kipoe, ondoa kifuniko cha kichomeo, kiloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa dakika 20, kisha zibua vitundu kimoja kimoja kwa sindano. Kijiti cha meno usitumie, huvunjikia humo humo na kuzidisha tatizo. Kikauke kabisa kabla ya kurudisha, maana maji kwenye vitundu nayo huharibu mwali. Hakikisha kimekaa sawa kwenye meno yake: kifuniko kilichokaa upande kidogo huwaka nusu duara, na watu wengi humwita fundi kwa sababu hiyo tu. Njano kwenye vichomeo vyote inaelekeza kwenye mtungi unaoishia au regyuleta. Mwali unaonyanyuka na kuvuma, huo hewa imezidi.

Mlio wa cheche unasikika lakini hakuna moto: kijiti cha cheche kimelowa au kina mafuta. Kifute kwa kitambaa kikavu. Moto unawaka, ukiachia kitufe unazima: kihisi cha moto, kile kijiti cha chuma kilicho pembeni mwa kichomeo, hakijapata joto. Shikilia kitufe kwa sekunde 10 kabla ya kuachia. Kikiendelea, kisugue ncha yake taratibu kwa msasa laini. Mtu mwenye maumivu ya kidole gumba huachia mapema bila kujijua. Abonyeze kwa kiganja.

Harufu ya gesi haitafutwi kwa kiberiti. Funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, kwa hiyo mlango wazi ni bora kuliko dirisha la juu. Harufu ikiisha, paka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira na regyuleta, kisha fungua valvu kidogo: mahali panapotoa mapovu ndipo panapovuja, funga tena hapo hapo. Mpira wa gesi huandikwa tarehe ubavuni. Ukishakakamaa au kupata nyufa, tarehe haina maana tena, badilisha. Na kama pua yako siku hizi hainusi vizuri, jambo linalotokea kwa umri, usijitegemee: weka king'ora cha gesi chini karibu na sakafu.

Mzee amestaafu na jikoni hapatoshi

Dalili zake: anauliza chumvi iko wapi kila siku, anapanga upya kabati lililokuwa na utaratibu wake miaka 30, anasimama mlangoni akitazama, na kazi iliyokuwa ikichukua saa moja inachukua mbili. Anasema anasaidia. Wewe umechoka zaidi kuliko alipokuwa kazini.

Chanzo huwa ni mgawo wa kazi uliogawanywa mahali pabaya. Kila kazi ya nyumba ina sehemu tatu: kukumbuka kwamba inatakiwa, kupanga, na kuitenda. Anayesaidia huchukua ya tatu peke yake na kukuachia mbili za kwanza, ambazo ndizo nzito. Kwa hiyo usimpe vipande, mpe kazi nzima. Takataka zikiwa zake, basi ni zake kuanzia kujua siku ya kuzitoa, mifuko ikikaribia kwisha, hadi kuosha pipa. Usimkumbushe. Kikwazo kikubwa hapo ni wewe mwenyewe: akikunja nguo vibaya ukazikunja upya, umeichukua kazi na hatarudi kuiomba. Kubalianeni kiwango kabla ya kuanza, kwa mfano sahani zisiwe na mafuta, sinki libaki kavu, na ndani ya kiwango hicho afanye kwa njia yake.

Kabati nalo liwe na sheria: cha kila siku kati ya kiuno na bega, kizito chini, cha sherehe juu. Anayetaka kuhamisha kitu aulize, na hilo liwabane nyote. Miwani, funguo na rimoti viwekwe kwenye sahani moja, mahali pamoja, na kama kitu kinapotea kila mara licha ya sahani hiyo, basi sahani iko mbali na pale mtu anapoketi. Ihamishe sahani, si mtu. Kisha tafuteni saa chache kwa siku ambazo kila mmoja yuko peke yake, awe nje au chumba kingine. Ndoa iliyozoea kuonana jioni haiwezi kuvumilia ghafla kuonana saa 24.

Tofautisha kusahau na kuharibika. Kusahau alipoweka miwani ni kawaida. Kusahau miwani ni ya nini, kupotea njia anayoijua, au kushindwa kulipa bili alizolipa miaka yote, hayo yapelekwe kwa daktari.

Taulo limefuliwa na linanuka

Likiwa kavu halinuki, likigusa maji linanuka: hao ni bakteria walionasa kwenye nyuzi chini ya utando wa sabuni na dawa ya kulainisha nguo. Kuongeza sabuni kunawaongezea utando. Fua taulo peke yake kwa joto la nyuzi 60, nusu ya sabuni uliyozoea, bila dawa ya kulainisha. Kwenye maji ya mwisho tia siki nyeupe, kama mililita 100. Likiendelea, rudia kwa kuloweka kwanza usiku kucha kwenye maji ya moto yenye poda ya kuondoa madoa isiyo ya klorini. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, wala kwenye ndoo moja, wala moja baada ya nyingine bila kusuuza katikati: hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Baada ya hapo tazama lilikoanikwa. Taulo lililokunjwa mara mbili kwenye ndoano halikauki katikati hadi kesho yake. Litandazwe. Nguo zilizoachwa ndani ya mashine saa nyingi zimeshaanza kunuka kabla ya kuanikwa, na kama kila kitu kinatoka na harufu, mashine yenyewe ndiyo chafu. Futa mpira wa mlango hadi ndani ya mkunjo wake, safisha kisanduku cha sabuni, izungushe tupu kwa joto la juu kabisa mara moja kwa mwezi, na uache mlango wazi.

Friji linatoa maji

Maji chini ya droo za mboga, ndani, ni tundu la kutolea maji lililoziba. Liko nyuma, chini ya ukuta wa ndani. Lizibue kwa kijiti cha pamba na usukume maji vuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Barafu inayojijenga haraka, au mota isiyopumzika, ni mpira wa mlango: funga mlango juu ya karatasi, ivute. Ikitoka bila kubanwa, hapo hewa inapita. Osha mpira kwa maji ya moto na sabuni, na ulipobonyea upashe joto kwa kikausha nywele huku ukiuvuta nje. Ndani pawe nyuzi 4 au chini yake. Kipimajoto cha friji kikae ndani ya glasi ya maji usiku mmoja ndipo ukisome.

Uzi hauingii kwenye sindano

Miwani ya kusomea kwanza, lakini mara nyingi kinachopungua ni mwanga. Jicho la miaka 60 linapitisha hadi nyuma yake kama theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la miaka 20. Taa ya dari haitoshi. Weka taa ya mezani ubavuni, upande wa mkono usioshika sindano, isikuangaze machoni. Kata uzi mshazari kwa mkasi mkali, shika uzi karibu na ncha, weka karatasi nyeupe nyuma ya tundu, na usukume sindano kuelekea uzi. Ikikataa, geuza sindano: matundu mengi yana upande mmoja ulio mpana kidogo. Vimulimuli vya ghafla, madoa meusi mengi yanayoelea au kivuli kama pazia upande mmoja wa jicho ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Bomba linadondoka

Tazama maji yanatokea wapi. Yakitoka mdomoni bomba likiwa limefungwa, washa, ile pete ya mpira iliyo ndani ya bomba, imechakaa. Yakitoka kwenye shina chini ya kitufe bomba likiwa wazi, ni nati ya juu au kizibo chake, na robo mzunguko wa spana mara nyingi hutosha. Kukaza kitufe kwa nguvu kila siku ndiko kunakoikata washa, pamoja na kidole gumba chako.

Kubadilisha washa: funga koki kuu, fungua bomba maji yaishe, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie. Toa kitufe kwa bisibisi, kisha nati kubwa kwa spana, chomoa shina. Washa iko chini yake, imeshikwa na nati ndogo au imebanwa tu. Nenda nayo dukani kama kipimo. Rudisha kwa mpangilio ule ule, nati kubwa ikazwe vizuri bila kupindukia, fungua koki kuu taratibu. Kama bado linadondoka na washa ni mpya, kiti cha chuma ambacho washa hukalia kimelika. Pitisha kidole ndani, utahisi mikwaruzo. Hicho husagwa kwa kifaa maalumu, na kwa kazi hiyo fundi bomba anastahili kuitwa. Mabomba ya mpini mmoja hayana washa hii, hubadilishwa kiini chote cha ndani.